Kivinjari, Kontena, na Mlango Uliokataa Kufunguka

Najua nimepotea, na wengine mmeanza kuniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha, kazi tu zilinibana. Leo nina hadithi ndefu, kwa hivyo chukua chai kwanza kisha uketi.

Mwaka 2023, nikiwa bado mgeni katika kazi hii ya kuandika programu, nilitengenezea chama kimoja cha akina mama wafanyabiashara wa soko mfumo wa kuweka hesabu zao: michango ya kila wiki, mikopo, faini za kuchelewa mkutanoni, na zamu ya nani atapokea lini. Hesabu hizo zote zilikuwa ndani ya daftari moja la mweka hazina, daftari lililochakaa pembe zote. Nilikaa nalo karibu wiki mbili nikinakili kila mstari. Makubaliano yalikuwa kwamba mfumo ukifanya kazi siku ya mkutano, daftari litafungwa.

Siku ikafika. Tukakutana katika ukumbi wa kanisa, nikawapa anwani ya tovuti, kila mmoja akaifungua kwenye simu yake. Jina la chama likatokea, rangi walizochagua zikatokea, na mahali pa hesabu pakatokea kile kiduara kinachozunguka. Kikazunguka, kikazunguka. Kwenye laptopu yangu, anwani ile ile, hesabu zote zilikuwepo hadi senti ya mwisho! Mweka hazina akaniangalia juu ya miwani yake akasema, "Kijana, pesa zetu ziko wapi?" Nadhani alikuwa anatania. Hakuna aliyecheka.

Kosa lenyewe nitalieleza, lakini ili ulielewe lazima turudi nyuma. Nilipokaa usiku ule kulitafuta niligundua kwamba sikuwa nimegonga ukuta mmoja, nilikuwa nimegonga kuta kadhaa zilizopangana, na kila mmoja ulijengwa mwaka wake, na mtu wake, kwa sababu yake. Chuoni nilifundishwa jinsi ya kuandika msimbo. Kwa nini mambo yako hivi yalivyo, hilo sikumbuki kufundishwa.

Mwanzoni hakukuwa na ukuta wowote, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuzuia. Tim Berners-Lee alipoandika kivinjari na seva ya kwanza pale CERN mwaka 1990, kazi kuu ya kivinjari ilikuwa kuomba ukurasa na kuuonyesha. Mwaka 1993 watu wa NCSA, katika Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani (ndio hao waliotoa Mosaic), wakaiwezesha seva yao kuita programu nyingine kila ombi linapoingia. Utaratibu huo uliitwa CGI. Ukijaza fomu na kubonyeza, seva iliwasha programu, mara nyingi ya Perl, programu ikafanya hesabu, ikaandika ukurasa mzima wa HTML, ikafa. Ombi jingine, programu nyingine mpya. Ilikuwa kama kula kibandani mahali ambapo ukiomba chumvi kidogo unaondolewa sahani na kuletewa nyingine nzima.

Lakini angalia uzuri wa mpango huo: upande wa mbele na upande wa nyuma walikuwa kitu kimoja. Kivinjari kilizungumza na seva iliyokipa ukurasa, na hakikuwa na haja ya kumjua mtu mwingine. Tatizo langu la ukumbini lisingeweza hata kutokea.

Mambo mawili yakaja karibu kwa pamoja na kuharibu usingizi wa watu. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni kuki, yaani kipande kidogo cha maandishi ambacho seva hukiachia kivinjari, na kivinjari hukirudisha kila kinapoitembelea seva hiyo. Ndipo tovuti ikaanza kukukumbuka kwamba umeshaingia kwa nywila yako. Kisha Mei 1995, hapo hapo Netscape, Brendan Eich aliandika JavaScript ya kwanza kwa siku kumi. (Ndiyo, kumi. Ukikutana na kituko ndani ya JavaScript, kumbuka hizo siku kumi umsamehe.) Sasa ukurasa ulikuwa na uwezo wa kutenda, si kuonyesha tu.

Unganisha hayo mawili uone hatari. Umeingia kwenye akaunti ya benki yako, kuki iko ndani ya kivinjari. Katika dirisha jingine unafungua ukurasa wa mtu usiyemjua. Kama msimbo wa ukurasa huo ungeruhusiwa kusoma chochote kutoka popote, ungeiomba benki salio lako, kivinjari kingeambatanisha kuki yako kwa uaminifu wake wote, na benki ingejibu ikidhani ni wewe. Kwa sababu hiyo Netscape Navigator 2 ilikuja na sheria ya asili moja: msimbo husoma tu yale yanayotoka kwenye asili ile ile ulikotoka wenyewe. Na asili ni vitu vitatu kwa pamoja: itifaki, jina la seva na nambari ya poti. Kimoja kikitofautiana, hizo ni asili mbili. Kwa hivyo http://localhost:3000 na http://localhost:8080 ni wageni kwa wageni, hata kama zote ziko ndani ya laptopu moja juu ya meza yako ya jikoni. Sheria hii iliishi miaka mingi kwa mazoea ya watengenezaji wa vivinjari tu, na maelezo rasmi ya asili ni nini yalikuja Desemba 2011 katika waraka uitwao RFC 6454.

Jambo moja ambalo hata watu wazoefu hulisahau: sheria hii huzuia zaidi kusoma jibu. Ombi lenyewe mara nyingi huondoka na kufika. Nitarudi hapo.

Haya, tuendelee. Mwaka 1999 Microsoft ilikuwa inataka barua pepe za Outlook zisomeke ndani ya kivinjari bila ukurasa kupakiwa upya kila mara. Alex Hopmann na wenzake wakaandika kifaa kidogo kilichoitwa XMLHTTP, kikaingizwa ndani ya Internet Explorer 5 mwaka huo. Kilisafiri ndani ya maktaba ya XML kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa njia rahisi ya kukifikisha kwa watumiaji, na ndiyo maana hadi leo tunaita XMLHttpRequest hata tunapotuma kitu kisichohusiana na XML hata kidogo. Vivinjari vingine vikaiga. Gmail ikaja Aprili 2004, Google Maps Februari 2005, na mwezi huo huo wa Februari Jesse James Garrett akaupa mtindo wote jina la Ajax.

Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi. Kaka yangu alikuwa akinipeleka saiba, tunalipa kwa dakika, na dakika nyingi tulizitumia kuangalia kurasa nyeupe. Hapa kwetu intaneti ya nje ilipita kwenye setilaiti zilizoko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ombi kwenda na jibu kurudi lilichukua kama nusu sekunde hata kabla seva haijafanya kazi yoyote. Programu ya Ajax yenye maombi madogo madogo ishirini ilikuwa adhabu. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009 ndipo mtindo huu ukaanza kuwa na maana kwa mtu wa kawaida hapa. Sisemi haya kwa sababu ya kumbukumbu tu. Idadi ya safari kati ya kivinjari na seva bado ni jambo la kuhesabu, na ukuta unaofuata huongeza safari.

Kwa kuwa kurasa sasa zilikuwa programu kamili, watu walitaka ziongee na seva zaidi ya moja. Sheria ya asili moja ilisema hapana. Wajanja wakapata upenyo: alama ya script katika HTML ilikuwa imeruhusiwa tangu zamani kupakia msimbo kutoka popote. Mwishoni mwa 2005 Bob Ippolito akapendekeza njia iliyokuja kujulikana kama JSONP: omba data kana kwamba unaomba msimbo, na seva ikurudishie data iliyofungwa ndani ya mwito wa kazi uliyoitaja wewe. Ilifanya kazi. Lakini fikiria umefanya nini. Umeipa seva ya mtu mwingine ruhusa ya kuendesha msimbo wowote ndani ya ukurasa wako, na ikiamua kuiba kuki zako hakuna wa kuizuia. Ni sawa na kumpa mchuuzi ufunguo wa nyumba kwa sababu umechoka kwenda getini kupokea maziwa.

Dawa ya heshima ilikuwa tayari inapikwa, na la kushangaza, ilianzia kwenye simu za sauti. Machi 2004 wahandisi watatu wa Tellme Networks walipendekeza, kwa ajili ya VoiceXML, njia ya seva kutangaza ni nani anayeruhusiwa kusoma data yake. W3C ikalichukua wazo hilo hadi kwenye vivinjari. Firefox 3.5 ikalitekeleza mwaka 2009, na Januari 2014 likawa pendekezo rasmi la W3C kwa jina la CORS.

Watu wengi (nami nilikuwa mmoja wao) husema "CORS imenizuia." Hapana! Anayekuzuia ni ile sheria ya 1995. CORS ni barua ya ruhusa. Kivinjari hutuma ombi kikitaja asili ya ukurasa, na seva hujibu na kichwa cha Access-Control-Allow-Origin. Kama asili yako imetajwa humo, msimbo wako unapewa jibu. Kama haikutajwa, jibu limefika kabisa ndani ya kompyuta, ila kivinjari kinakataa kukukabidhi. Ndiyo maana ukijaribu kwa curl kila kitu ni salama salmini halafu kwenye kivinjari ni maandishi mekundu. Curl haina kuki zako za benki, haina cha kulinda.

Na kuna yale maombi mazito zaidi, kwa mfano ya kufuta kitu au yanayobeba JSON. Kwa hayo kivinjari hutanguliza mjumbe, ombi la OPTIONS, kubisha hodi: mtu wa asili fulani anataka kufanya jambo fulani, nimlete? Akikubaliwa ndipo ombi lenyewe linaondoka. Safari mbili badala ya moja. Seva ikiwa Ulaya na mama yuko sokoni na bando la shilingi ishirini, safari hiyo ya ziada ataihisi. Unaweza kuiambia kivinjari kikumbuke ruhusa kwa muda, lakini Chrome haikubali zaidi ya saa mbili.

Sasa tugeukie makontena, kwa sababu nusu ya aibu yangu ilitoka huko.

Jina limekopwa bandarini. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 ya Malcom McLean, mfanyabiashara wa malori kutoka North Carolina aliyechoka kuona mizigo ikipakuliwa gunia kwa gunia. Aliyewahi kukwama nyuma ya msururu wa malori yatokayo Kilindini hahitaji kuelezwa wazo hilo lilifika wapi: sanduku linafungwa mara moja, na hakuna anayejali ndani mna mitumba au vipuri.

Kwa upande wa kompyuta mizizi ni ya 1979, amri ya chroot ya Unix, iliyoifanya programu iamini kwamba folda moja ndiyo dunia nzima. FreeBSD ikaleta jela zake mwaka 2000. Wahandisi wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, wakaanza mwaka 2006 kazi ya kugawa na kupima kumbukumbu na prosesa kwa kila kundi la programu, nayo ikaingia katika kerneli ya Linux 2.6.24 Januari 2008. Vipande vyote vilikuwepo, lakini kuviunga kulihitaji mtu mwenye subira ya fundi saa. Machi 2013, katika mkutano wa PyCon kule Santa Clara, Solomon Hykes wa dotCloud alipanda jukwaani kwa dakika tano na kuonyesha Docker. Mwaka uliofuata, Juni, Google ikatangaza Kubernetes, neno la Kigiriki la mshika usukani wa chombo, na Julai 2015 toleo la 1.0 likatoka.

Nikiri kitu: kwa mfumo wa chama cha akina mama, Kubernetes ingekuwa sawa na kukodi meli kubeba kikapu cha nyanya. Nilitumia Docker tu kwenye mashine moja ya kukodi. Kontena la kwanza lilibeba kurasa, la pili huduma ya hesabu, la tatu hifadhidata.

Ndani ya kontena programu haitengwi faili tu, inatengwa na mtandao pia. Kila kontena lina localhost yake. Soma sentensi hiyo tena, maana ilinigharimu heshima ukumbini. Neno localhost, au 127.0.0.1, maana yake ni "mimi mwenyewe", na "mimi" hutegemea nani anasema. Laptopu ikisema, ni laptopu. Kontena likisema, ni kontena hilo na si jirani yake. Na kivinjari kikisema, ni simu iliyo mkononi mwa mama.

Ukurasa wangu ulikuwa umeandikwa uombe hesabu kutoka http://localhost:8080. Simu ya kila mama ilikuwa inajiuliza yenyewe hesabu za chama! Na kwa nini kwangu zilitokea? Kwa sababu laptopu yangu ilikuwa bado inaendesha nakala ya huduma niliyokuwa nikiijaribia, kwenye poti 8080, na katika mazingira hayo ya majaribio nilikuwa nimeiruhusu ijibu ukurasa wa asili yoyote. Ukurasa ulitoka Ulaya, hesabu zilitoka kwenye mkoba wangu. Ningeizima ile huduma asubuhi, ningeliona kosa kabla ya kutoka nyumbani.

Usiku ule nilianza kubomoa kuta bila mpango. Kwanza nikabadilisha anwani kwa kigezo cha mazingira kwenye kontena la kurasa, nikaliwasha upya. Hakuna kilichobadilika. Thamani hiyo huandikwa ndani ya faili za JavaScript wakati wa kuzijenga, na faili zikishajengwa hazisomi tena mazingira ya kontena, kwani zinaendeshwa simuni na si huko. Nikajenga upya nikiweka jina ambalo makontena huitana, "huduma". Docker ina kitabu chake cha majina cha ndani na makontena yangu yalijuana vizuri, lakini simu iliyoko Kenya haijawahi kusikia jina hilo. Nikaweka anwani ya mashine na poti 8080. Ukurasa ulikuwa wa https na ombi lilikuwa la http, na vivinjari vilishaanza kukataa mchanganyiko huo, Firefox kwa mfano tangu toleo la 23 la Agosti 2013. Nikaipa huduma jina lake dogo na cheti chake cha Let's Encrypt. Hapo ndipo maandishi mekundu ya CORS yakatokea, maana ruhusa niliiweka kwenye mazingira ya laptopu tu. Ilikuwa saa nane usiku.

Ningeweza kuongeza kichwa kimoja nikalala. Badala yake nikafuta yote nikarudi kwenye umbo la 1993. Igor Sysoev, Mrusi, alianza kuandika nginx mwaka 2002 na kuitoa hadharani Oktoba 2004, ili seva moja iweze kubeba maelfu ya wageni kwa pamoja. Kazi yake nyingine ni kusimama mlangoni: ombi linapoingia, inaangalia njia na kulipeleka panapostahili. Nikaiweka mbele ya makontena yote. Anwani inayoanza na /api inakwenda kwenye huduma, nyingine zote kwenye kurasa, na ndani ya JavaScript nikaandika "/api" tu, bila jina wala poti. Kwa kivinjari sasa kuna asili moja. Hakuna mjumbe wa OPTIONS, cheti ni kimoja, na huduma haionekani nje kabisa. Ilibaki kosa moja la mwisho: huduma ilikuwa inasikiliza kwenye 127.0.0.1 ya kontena lake, kwa hivyo nginx iliyo kontena la jirani haikuifikia. Nikaibadilisha isikilize 0.0.0.0, na hesabu zikatokea kwenye simu yangu, laptopu ikiwa imezimwa na kuwekwa chini ya kitanda.

Najua kuna watakaosema kwamba ningetenganisha majina na kutumia CORS ipasavyo. Ni kweli, kama huduma moja itatumiwa na tovuti nyingi za watu tofauti, CORS ndiyo njia, na uziorodheshe asili kwa majina badala ya kuweka nyota (nyota haikubaliki kabisa pale ombi linapobeba kuki). Lakini ukurasa mmoja na huduma moja, vyote vyako? Mlango mmoja unatosha.

Wiki mbili baadaye nilirudi ukumbini. Safari hii niliacha laptopu nyumbani. Simu zikafunguka moja moja, na akina mama wakaanza kusomeana faini zao kwa sauti na kucheka. Mweka hazina alilinganisha ukurasa na daftari mstari kwa mstari, akapata kosa moja la shilingi hamsini, langu la kunakili. Kisha akalifunga daftari, akalirudisha kwenye mkoba wake, na akaniambia ataendelea kuandika humo kwa miezi mitatu mingine hivi.